Sura ya Sita: Mwalimu wa Mtandaoni, Nani Kamtuma?

Klipu inaingia kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya saa mbili usiku. Ni ya dakika nne. Mwalimu kasimama mbele ya ukuta mweupe, Biblia mkononi, anafundisha juu ya neema. Anafundisha vizuri, Kiswahili chake kimenyooka, na juu ya bega lake la kulia imewekwa nembo ya waridi lenye moyo na msalaba katikati, ambayo kila aliyepita darasa la kipaimara kwa Walutheri anaijua. Chini ya picha inapita namba ya kutumia sadaka. Watu wanaitikia “Amina”, “Amina”, mmoja anaweka alama ya mikono iliyokutana, kisha mama mmoja anaandika maneno matatu: “Huyu ni wa kwetu?”

Swali hilo huulizwa kila siku na mara nyingi hukosa jibu, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa pamoja. Muulizaji anaweza kuwa anataka kujua kama mafundisho ni ya Kilutheri. Anaweza kuwa anauliza kama mtu huyo ni msharika mahali fulani, maana usharika, yaani kusanyiko la waumini wa mahali pamoja lenye mchungaji na wazee wake, ndiyo nyumba ya kila Mlutheri. Au anauliza kilicho kizito zaidi: nani kamtuma? Majibu ya maswali haya hayalazimiki kufanana. Mtu anaweza kufundisha sawasawa na asiwe ametumwa na yeyote. Mwingine katumwa kwa barua yenye muhuri, na anafundisha ovyo.

Sura hii inashika swali la tatu, kwa sababu ndilo linalosahaulika. Hoja yangu ni kwamba mwalimu wa mtandaoni asipimwe kwa kola ya uchungaji wala kwa ufasaha, na idadi ya wafuasi ndiyo isihesabiwe kabisa. Apimwe kwa kamba inayomfunga na watu wanaomjua kwa jina: waliomtuma, wanaoweza kumuuliza, na wanaoweza kumwambia anyamaze. Mtandao haukuleta walimu wasio wachungaji, maana hao Walutheri wamekuwa nao tangu mwanzo. Mtandao umerahisisha kukata kamba.

Swali la mwaka 1532

Mwaka 1532 Martin Luther aliandika waraka dhidi ya watu aliowaita wahubiri wa kujipenyeza, wahubiri wa vichochoroni. Hawakuwa wakisimama kanisani. Waliwafuata wavunaji mashambani katikati ya kazi, wakawafuata wachoma mkaa waliokuwa peke yao msituni, wakawanong’onezea kwamba wachungaji wao wanawadanganya. Ushauri wa Luther ulikuwa mwepesi kiasi kwamba hata mchoma mkaa angeweza kuutumia: muulize mgeni ametoka wapi, nani amemtuma, na kwa nini amekuja kisirisiri badala ya kwenda kwanza kwa mchungaji wa mahali pale.

Mchoma mkaa huyo ana mwenzake leo. Ni mtu aliyelala chali kitandani saa nne usiku, simu juu ya uso, spika za masikioni zimechomekwa, hana jirani wa kumtazama na kusema, “Hapo mwalimu kakosea.” Kanisani mtu husikiliza pamoja na wengine. Akishtuka, anaona na wenzake wameshtuka. Mtandaoni husikiliza peke yake hata kama watu laki moja wanasikiliza saa ileile.

Miaka miwili kabla ya waraka ule, tarehe 25 Juni 1530, Walutheri walikuwa wamesoma mbele ya Kaisari maelezo ya imani yao. Maelezo hayo huitwa Ungamo la Augsburg, na mpaka leo mchungaji wa Kilutheri huahidi kuyafuata siku anapobarikiwa. Kifungu chake cha 14 ni kifupi mno, sentensi moja tu, nacho kinasema kwa maana hii: asifundishe mtu hadharani kanisani wala kutoa sakramenti bila kuitwa kwa utaratibu. Kuitwa huko ndiko Walutheri wanakokuita wito. Wito una pande mbili. Uko wito wa ndani, msukumo ambao mtu anausikia moyoni. Na uko wito wa nje, pale kanisa linapomchunguza mtu huyo, likamweka, likampa kazi na mipaka ya kazi.

Neno la kukaziwa hapo ni “hadharani”. Mama anayewafundisha watoto wake sala ya jioni hahitaji barua ya dayosisi, wala fundi anayemfariji mwenzake aliyefiwa. Zamani mpaka kati ya sebule na mimbari ulikuwa wazi, kwa kuwa mimbari ilikuwa na ngazi. Leo mwanakwaya anarekodi dakika tano za faraja kwa ajili ya wenzake kumi na wawili, mmoja anazisambaza, na kabla ya Jumapili zimesikika Mbeya, Mombasa na Muscat. Hakukusudia kupanda mimbari, imemfuata alipo. Mtu wa namna hiyo simlaumu. Ila akishaona maelfu wanamsubiri kila Jumatano jioni, ajue yuko hadharani, na kile kifungu cha 14 kinamhusu.

Walimu wasio na kola

Wapo wanaosikia habari ya wito wakadhani maana yake ni moja tu: asiye mchungaji afunge mdomo. Historia ya Walutheri wenyewe inawakatalia. Aliyeliandika Ungamo la Augsburg, pamoja na kile kifungu cha 14, ni Philipp Melanchthon, mwalimu wa Kigiriki pale Wittenberg, ambaye hakuwahi kubarikiwa kuwa mchungaji maisha yake yote. Mwaka 1521 alitoa kitabu cha kwanza kilichopanga mafundisho ya Walutheri mada kwa mada, akiwa kijana wa miaka 24. Alikuwa mlei, yaani muumini asiye na daraja la uchungaji. Lakini hakujituma. Alikuwa na kazi katika chuo, alikuwa na wenzake waliosoma alichoandika, na Luther alikuwa mtaa uleule.

Huku kwetu habari ni ileile kwa sura nyingine. Waingereza walipowaondoa wamisionari wa Kijerumani Tanganyika mwaka 1920, sharika za Kilutheri za Kilimanjaro zilibaki kwa kiasi kikubwa mikononi mwa walimu Waafrika. Waliitwa walimu kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao. Siku za juma walifundisha watoto kusoma, Jumapili waliongoza ibada. Kola hawakuwa nayo, na ibada haikukoma. Kila mwalimu alijulikana kijijini: shamba lake liko wapi, kaoa nyumba gani, ana deni kwa nani. Alipokosea, wazee walijua pa kumkuta.

Kwa hiyo Mtanzania anaposema “Mwalimu Mwakasege”, anatumia cheo chenye mizizi mirefu. Christopher Mwakasege wa Arusha, mwenye Huduma ya Mana pamoja na mkewe Diana, ni Mlutheri mlei. Kwa miaka mingi semina zake zimejaza viwanja vya wazi katika miji mbalimbali, zikirushwa na redio, na baadaye mubashara mtandaoni, na wanaozifuata wametoka madhehebu mengi. Neno “huduma” lenyewe linahitaji maelezo kidogo, maana limekuja kubeba mzigo mpya. Kwa maana ya zamani ni kazi ya kuwatumikia watu kanisani. Kwa maana ya sasa ni pia chombo chenye jina, ofisi, akaunti na ratiba, ambacho si usharika wala si dhehebu. Msikilizaji akikichukulia kuwa usharika ameanza kupotea, hata kama mwenye huduma hakusema hivyo.

Karatasi za ukutani, mnara wa Addis Ababa

Pingamizi la kwanza ambalo wazee hulitoa ni la chombo: neno la Mungu halikuumbiwa skrini. Pingamizi hili ndilo dhaifu kuliko yote, nalo nitalipita upesi. Mwaka 1518 Luther alitoa hotuba fupi kwa Kijerumani cha watu wa kawaida juu ya vyeti vya msamaha, kijitabu cha kurasa 8, na ndani ya miaka mitatu wachapaji wa miji mbalimbali walikuwa wamekichapa zaidi ya mara 20. Hakuna aliyewaomba, kilikuwa kifupi, cha bei nafuu, na kililipa. Mwanzoni mwa 1529 Katekisimu Ndogo, yaani mafundisho ya msingi kwa maswali na majibu, ilianza kutoka kwenye karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, ili baba wa nyumba aione kila anapoketi mezani. Mtu anayebandika mafundisho ukutani pa nyumba yako hawezi kushangazwa na mtu anayeyabandika kwenye “status”.

Redio ilikuja na watu walewale wa darasani. Tarehe 2 Oktoba 1930 Marekani ilianza kusikia kipindi kilichoitwa The Lutheran Hour, na msemaji wake, Walter A. Maier, alikuwa profesa wa Agano la Kale katika seminari ya Concordia mjini St. Louis. Fedha zilitoka kwa chama cha walei wa Kilutheri. Mwaka uliofuata hali ngumu ya uchumi ilikizima kipindi, kikafufuka mwaka 1935, na hadi Maier anafariki mwaka 1950 kilikuwa kinarushwa na vituo zaidi ya 1,000. Watu waliomsikiliza pengine walizidi wote waliowahi kumsikiliza mhubiri wa Kilutheri kabla yake, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa na wanafunzi darasani na wenzake seminarini waliomjua.

Upande wetu, Februari 1963, miezi michache kabla ya makanisa saba kuungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yaani KKKT, Shirikisho la Walutheri Duniani lilifungua Addis Ababa kituo cha redio chenye mitambo ya nguvu, Sauti ya Injili. Makanisa ya nchi mbalimbali yalikuwa na studio zao za kurekodia, mojawapo ikiwa Moshi. Vipindi vya Kiswahili vilirekodiwa kwenye kanda, kanda zikapelekwa Ethiopia, na sauti ya mtu wa Moshi ikarudi nyumbani kwa masafa mafupi. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo. Mitambo ikaenda, lakini studio ya Moshi ilibaki kwa kuwa ilikuwa na mwenyewe, na jina Sauti ya Injili bado liko hewani Kilimanjaro. Nasimama hapa kidogo kwa sababu tukio hilo linaonyesha jambo ambalo wenye chaneli za leo wangelitafakari. Ukiitegemea mitambo ya mtu mwingine, iwe ya Addis Ababa au ya California, siku yoyote unaweza kuamka ukute mlango umefungwa, na kitakachokuokoa ni wale watu waliokuwa nyuma ya maikrofoni na kanisa lililowaajiri.

Kwa kifupi: Mlutheri hana sababu ya kuiogopa skrini. Anayo sababu ya kuuliza nani yuko nyuma yake.

Nani anamlipa, nani anamsimamisha

Tuchukue mfano mmoja na kuutazama kwa karibu. Issues, Etc. kilikuwa kipindi cha mazungumzo katika redio KFUO ya St. Louis, mali ya Sinodi ya Missouri, kanisa la Kilutheri la Marekani lenye msimamo wa kihafidhina. Mwendeshaji wake, Todd Wilken, ni mchungaji. Tarehe 18 Machi 2008, Jumanne ya Juma Takatifu, kipindi kilikatwa ghafla, na Wilken pamoja na mtayarishaji wake wakaachishwa kazi. Uongozi ulisema sababu ni za kifedha na za upangaji wa vipindi. Wasikilizaji wengi hawakukubali, maelfu wakatia saini kulalamika. Kabla ya Julai mwaka uleule kipindi kilikuwa kimerudi, safari hii mtandaoni, kikilipwa na wasikilizaji wenyewe.

Mtu anaweza kulisoma tukio hilo kama ushindi wa sauti ya watu dhidi ya ofisi. Mwingine ataliona kama mwanzo wa kila mtu kuwa na redio yake. Mimi naliona kama mabadiliko ya mwajiri. Kabla ya Machi 2008 waliokuwa na uwezo wa kukifunga kipindi walikuwa viongozi wa kanisa. Baada ya Juni, uwezo huo ulihamia kwa wachangiaji. Mwajiri huyo mpya hana kikao, hana kumbukumbu za mkutano, wala hatoi onyo la maandishi. Ana njia moja tu ya kusema hapendi, nayo ni kuacha kuchangia. Naye akipenda, hupenda zaidi kile alichokwisha kukiamini. Wilken alibaki mchungaji wa kanisa lake, kwa hiyo kamba haikukatika yote, na hilo ndilo lililomtofautisha na mtu aliyebaki na wachangiaji peke yao.

Wapo walioifunga kamba mahali panapoonekana. Bryan Wolfmueller anajibu maswali ya watazamaji wa YouTube, na yeyote anaweza kujua kwamba ni mchungaji wa usharika huko Austin, Texas. Chris Rosebrough amejulikana kwa kucheza mahubiri ya watu wengine na kuyasimamisha katikati ili kuyapima kwa Maandiko, kazi ya ukali ambayo ingemfanya mtu jeuri kwa urahisi. Lakini Jumapili ni mchungaji wa usharika wa mashambani Minnesota, mahali ambapo watu wanahitaji kuzikwa na watoto kubatizwa, na jeuri haidumu sana makaburini. Walimu wa Seminari ya Luther mjini St. Paul huandaa Working Preacher, tovuti ya bure yenye maelezo ya masomo ya kila Jumapili, ambayo huwafaa wahubiri wa nchi nyingi. Nyuma ya kazi hiyo pana chuo, na nyuma ya chuo pana kanisa. Hata mchekeshaji anaweza kuwa na kamba: Hans Fiene, mwenye vikaragosi vya Lutheran Satire, ni mchungaji, na kile kikaragosi chake cha 2013 ambamo wakulima wawili wa Kiairishi wanamkamata Mtakatifu Patrick akiteleza kila anapotafuta mfano wa kueleza Utatu kimefundisha watu wengi zaidi kuliko vitabu vinene vya somo hilohilo. (Nimeshaona walimu wa kipaimara wakitumia mfano wa maji, barafu na mvuke bila kujua kwamba Patrick huyo alikwisha kuumbuliwa.)

Hapa Tanzania pako pia suala la leseni, na watu hulichanganya na wito. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye redio na televisheni za mtandaoni kukata leseni, na gharama za mwaka wa kwanza zilizidi shilingi milioni 2 kabla ya ada kupunguzwa baadaye. Leseni inaonyesha kwamba serikali inakujua. Haionyeshi kwamba kanisa limekutuma. Ni sawa na leseni ya udereva, ambayo haikupi gari la mtu. Na tuwe wakweli: Luther mwenyewe katika ule waraka wa 1532 aliwataka watawala wawashughulikie wahubiri wa vichochoroni. Hapo tusimfuate. Kazi ya kumuuliza mwalimu nani kamtuma ni ya kanisa na ya msikilizaji. Polisi akiifanya, anayenyamazishwa kesho huwa ndiye aliyekuwa anasema kweli.

“Lakini Luther naye alikatazwa!”

Hili ndilo pingamizi zito. Linasema hivi: wito wa nje umo mikononi mwa wakubwa, na wakubwa huutumia kuwanyamazisha wanaopendwa na watu. Luther asingesema neno kama angengoja ruhusa. Na Roho Mtakatifu hutuma amtakaye.

Nianze na Roho. Mwishoni mwa 1521 walifika Wittenberg watu kutoka Zwickau waliosema Mungu anasema nao moja kwa moja, na katika miezi ile mji ukaingia vurugu. Machi 1522 Luther alitoka alikokuwa amefichwa, katika ngome ya Wartburg, akahubiri siku nane mfululizo, na mambo yakatulia. Hakubisha kwamba Roho hutuma. Alichosisitiza ni kwamba msukumo wa ndani haupimiki na mtu mwingine. Mimi siwezi kuingia moyoni mwako nikasome barua yako ya kutumwa. Waswahili husema mjumbe hauawi, lakini kwanza lazima iwepo namna ya kujua kwamba ni mjumbe. Wito wa nje unamlinda msikilizaji, na unamlinda mwalimu pia: siku ambayo watu wamemgeukia na yeye mwenyewe haoni sababu ya kuendelea, ana kitu cha kushika ambacho hakikutoka kichwani mwake. Luther alikishika. Kila alipoulizwa kwa mamlaka gani anasema, alirudi kwenye udaktari wa theolojia aliopewa Oktoba 1512, pamoja na kiapo cha kufundisha Maandiko. Hakujituma, na alilirudia hilo mpaka uzeeni.

Sasa habari ya wakubwa. Januari 2023 mchungaji wa KKKT Usharika wa Kijitonyama, Dar es Salaam, Eliona Kimaro, ambaye mafundisho yake yalikuwa yakifuatwa na umati mtandaoni, alipewa likizo ya siku 60. Ndani ya saa chache habari ilikuwa kila mahali, na watu ambao hawajawahi kukanyaga Kijitonyama walikuwa na maoni ya nguvu juu ya utawala wa dayosisi. Sina haja ya kuhukumu nani alikuwa na haki. Kilichonivutia ni kwamba palitokea aina mbili za wasikilizaji. Washarika wa Kijitonyama walikuwa na wazee wa kanisa wa kuwauliza na mikutano ya kukaa. Watazamaji wa mbali walikuwa na sehemu ya maoni tu. Wote walisema “mchungaji wetu”, lakini neno “wetu” halikuwa na uzito uleule.

Na je, kama ofisi imekosea kweli? Walutheri wana jibu la zamani ambalo viongozi hawapendi kulitaja. Mwaka 1523 usharika wa mji mdogo wa Leisnig ulitaka kujichagulia mchungaji, na Luther akaandika kijitabu kuutetea. Jina lake pekee, ambalo ni refu kama sentensi, linasema kusanyiko la Kikristo lina haki ya kupima mafundisho yote na kuwaita, kuwaweka na kuwaondoa walimu. Soma vizuri: haki hiyo haikupewa askofu peke yake, wala haikupewa umati. Ilipewa kusanyiko, watu wanaojuana, wanaokutana mahali pamoja na ambao kesho watalazimika kuishi na uamuzi wao. Dawa ya ofisi inayokandamiza ni usharika ulio hai, unaouliza maswali katika mkutano wake. Chaneli mpya haiwezi kuwa dawa hiyo, kwa kuwa chaneli haina mkutano mkuu.

Kazi ya anayesikiliza

Kupima mafundisho kunahitaji kipimo. Mwaka 1528 Luther alizunguka sharika za Saksonia na kukuta watu wazima wasiojua Sala ya Bwana, na wachungaji wasioweza kufundisha. Katekisimu ya mwaka uliofuata ilitokana na ziara hiyo. Ilikusudiwa iwe fupi kiasi cha kukaa kichwani mwa mtumishi wa nyumbani, ili mtu akisikia mafundisho mageni, awe na kitu cha kuyalinganisha nacho: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Meza ya Bwana, na maungamo. Wengi wetu tuliikariri tukiwa na miaka kumi na minne, tukaifunga siku ya kipaimara pamoja na ile suti. Ifunguliwe tena. Ni kurasa chache, na mwalimu wa mtandaoni anayeona inamkwaza amekwisha kujieleza.

Pamoja na katekisimu, yapo mambo machache ambayo mtu anaweza kuyaangalia bila kuwa mtaalamu:

– Je, anataja usharika wake, au anataja huduma yake tu?
– Akifundisha jambo la kubishaniwa, yuko mtu mwenye jina anayeweza kumjibu, au kila anayeuliza anaondolewa kwenye kundi?
– Anakurudisha kwa mchungaji wako, au anakuvuta utoke?
– Namba ya sadaka ni ya nani?

Hili la mwisho lina jibu la haraka. Unapoingiza namba na kiasi, kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Wakati mwingine litakuja jina la usharika, au la chombo kilichosajiliwa. Wakati mwingine litakuja jina la mtu, majina yake mawili kamili. Huenda mtu huyo ni mwaminifu kuliko mweka hazina yeyote. Lakini sadaka hiyo haitahesabiwa na wazee wawili mezani baada ya ibada, haitasomwa Jumapili ijayo wakati wa matangazo, na hakuna mkaguzi atakayeuliza risiti.

Migongo ya waliopiga magoti

Limebaki jambo ambalo mtandao haujaliweza. Ungamo la Augsburg linalitambua kanisa kwa alama mbili: Injili inayofundishwa sawasawa, na sakramenti zinazotolewa kwa utaratibu wake. Alama ya kwanza inapita kwenye waya. Ya pili ilijaribiwa mwaka 2020. Kenya ilipofunga nyumba za ibada kuanzia Machi hadi Julai, na Marekani makanisa yalipobaki matupu, Walutheri wengi waliuliza kama mchungaji anaweza kubariki mkate na divai vilivyo mezani kwa mtu aliyeko nyuma ya skrini. Sinodi ya Missouri ilisema hapana. Kanisa kubwa zaidi la Kilutheri la Marekani, lenye msimamo tofauti katika mambo mengi, nalo lilishauri mwanzoni kwamba watu wajinyime Meza ya Bwana kwa muda na kungoja, ingawa baadhi ya sharika zake baadaye hazikungoja. Ilikuwa nadra kuyaona makanisa hayo mawili yakitoa ushauri unaokaribiana. Tanzania, ambako nyumba za ibada hazikufungwa, swali halikubana kiasi hicho, na pengine ndiyo sababu hatujalifikiria vya kutosha.

Katika ibada inayorushwa mubashara, saa hiyo inajulikana. Mahubiri yamekwisha, maoni ya “Amina” yamepungua, kwaya inaimba taratibu. Watu wanatoka kwenye viti mstari kwa mstari, wanapiga magoti mbele ya madhabahu, mchungaji anapita na mkate, mwenzake nyuma yake na kikombe. Kamera ikiwa juu ya kilango cha nyuma, mtazamaji wa nyumbani haoni uso wa mtu yeyote. Anaona migongo tu. Na mwalimu wake wa Jumatano usiku, kama ana usharika, mgongo mmojawapo ni wake, wa nne kutoka kushoto, akingoja zamu kama wengine.